UCHAMBUZI: Kutiririsha michezo mizito kwenye tabuleti ni kuhamisha mzigo, si kuutua

KWA zaidi ya miaka 15 sasa, kampuni kubwa za teknolojia ulimwenguni zimekuwa zikirudia ahadi moja: kwamba mtu hahitaji tena kununua kompyuta ya bei ghali ndipo acheze michezo mizito ya kisasa. Tabuleti ya kawaida, simu ya mkononi au kipakatalishi kilichochakaa kitatosha, mradi tu kuna intaneti.

Ahadi hiyo ilitangazwa kwa kishindo mnamo Machi 2009 mjini San Francisco, Marekani, na kampuni iliyoitwa OnLive. Miaka kumi baadaye, katika mwezi uo huo na mji uo huo, Google ilisimama jukwaani na kuirudia kwa jina la Stadia. Leo hii huduma zote mbili zimekwisha kuzikwa.

Hata hivyo, wazo lenyewe halikufa. Nvidia, Microsoft, Sony na Amazon zingali zinauza huduma za aina hiyo, na kila mwaka picha zake zinazidi kupendeza. Kwa msomaji wa Kenya ambaye ana tabuleti ya bei nafuu na hana laki moja au mbili za kununulia kompyuta ya michezo, habari hizi zinasikika kama za ukombozi.

Ndiposa inafaa kuuliza swali lililo wazi: mzigo ule uliokuwa ukibebwa na kompyuta ya bei ghali umekwenda wapi? Ukichunguza kwa makini utaona kwamba haukutuliwa chini. Umehamishwa. Sehemu moja imepelekwa kwenye mtandao, nyingine imegeuzwa kuwa ada ya kila mwezi, na sehemu iliyosalia, ambayo ni nzito kuliko zote, ni mamlaka ya mchezaji juu ya kile alichonunua.

Jinsi mitambo hii inavyofanya kazi

Mchezo mzito wa kompyuta huilazimu mashine kuchora upya kila kitu kinachoonekana, kuanzia vivuli na mwanga hadi maji na nyuso za watu, mara 60 au zaidi kwa kila sekunde. Kazi hiyo hufanywa na kadi ya michoro, ambayo ndiyo sehemu ghali kupita zote katika kompyuta ya mchezaji.

Katika utiririshaji, kadi hiyo haiko nyumbani kwa mchezaji. Imo ndani ya seva katika kituo cha data, pengine mamia ya kilomita kutoka alipo. Seva inauendesha mchezo, inazibana picha zake kuwa video na kuzituma kwa intaneti. Tabuleti inaonyesha video hiyo, kisha inarejesha amri za mchezaji: ruka, piga, geuka.

Kwa maneno mengine, tabuleti imegeuzwa kuwa televisheni yenye vitufe. Kifaa chochote kinachoweza kuonyesha filamu bila kukwama kinaweza, kwa nadharia, kuonyesha mchezo wowote ule.

Lakini kuna tofauti kubwa kati ya filamu na mchezo, na hapo ndipo matatizo yanapoanzia. Filamu imekwisha kurekodiwa. Kifaa chako kinaweza kupakua dakika nzima kabla hujaifikia, na mtandao ukiyumba kidogo hutatambua. Mchezo hauna akiba ya namna hiyo kwa sababu sekunde ijayo haijaamuliwa. Inategemea kidole chako kitabonyeza nini.

Kwa hivyo kila kitendo cha mchezaji sharti kisafiri hadi kwenye seva, kifanyiwe kazi, na matokeo yake yarejee machoni pake. Safari hiyo ikichelewa, mpiga mpira anapiga wakati mpira umekwisha kupita, na dereva anakata kona wakati gari limekwisha kugonga ukuta.

Fimbo ya mbali

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Methali hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya biashara hii.

Mwanga ndani ya nyaya za faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kasi hiyo ni kubwa mno kwa mambo mengi ya maisha, lakini kwa mchezo unaochorwa mara 60 kwa sekunde, kila picha hukaa kwenye skrini kwa takriban milisekunde 17 pekee. Milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Mwanzilishi wa OnLive, Steve Perlman, alisema wazi kwamba mteja alihitajika kuwa ndani ya umbali wa maili 1,000 kutoka kituo cha data, yaani kama kilomita 1,600. Tukipiga hesabu, kwenda na kurudi kwa umbali huo ni kilomita 3,200, na mwanga huzimaliza kwa milisekunde 16. Hiyo ni karibu sawa na picha moja ya mchezo. Ndiyo maana kampuni hiyo iliweka mitambo yake California, Texas na Virginia, ili kuwafikia Wamarekani walio magharibi, katikati na mashariki mwa nchi.

Sasa tuipime hesabu iyo hiyo kwa mtu aliye Nairobi. Johannesburg, ambako kampuni kadhaa kubwa zina vituo vya data, ni takriban kilomita 2,900 kwa ndege. Hata kama waya ungenyooka kama mshale, safari ya kwenda na kurudi ingechukua milisekunde 29. Nyaya hazinyooki hivyo. Hushuka hadi Mombasa, zikaingia baharini na kufuata pwani.

Kuelekea Ulaya hali ni ngumu zaidi. Tukichukulia njia ya kilomita 8,500 kutoka Nairobi hadi Marseille kusini mwa Ufaransa kupitia Bahari ya Shamu, mwanga pekee utatumia milisekunde 85 kwenda na kurudi. Hizo ni picha tano za mchezo zilizopotea kabla ya seva kufanya kazi yoyote, kabla ya video kubanwa na kufunguliwa, na kabla ya mitambo ya kampuni ya intaneti kuchukua muda wake.

Hakuna mhandisi awezaye kuliondoa tatizo hili kwa programu. Mwaka wa 2019, mhandisi mkuu wa Stadia alidai kwamba katika muda wa mwaka mmoja au miwili huduma hiyo ingejibu haraka kuliko mashine iliyo nyumbani, kwa kubashiri ni kitufe gani mchezaji angebonyeza. Miaka miwili ilipita, na baadaye Google ikatangaza kuifunga huduma yenyewe.

Si ajabu, basi, kwamba Stadia ilipofunguliwa Novemba 2019 katika mataifa 14, hakukuwa na hata moja la Afrika. Microsoft nayo ilipozindua huduma yake Septemba 2020 katika mataifa 22, bara hili liliachwa nje vivyo hivyo. Kuna wanaoona huo kuwa ubaguzi. Ukweli ni kwamba soko lilifuata vituo vya data, na vituo vya data vilifuata fedha.

Nyaya zetu na udhaifu wake

Haitakuwa haki kusema kwamba Kenya haijapiga hatua. Kabla ya 2009, nchi hii ilitegemea setilaiti kwa intaneti yake ya kimataifa, na kasi ilikuwa ya kobe. Mwaka huo nyaya za TEAMS, kutoka Fujairah katika Milki za Kiarabu, na za SEACOM zilifika Mombasa. EASSy ilifuata mwaka wa 2010 na nyingine zikaja baadaye. Tangu Julai 2023 kuna pia huduma ya setilaiti ya Starlink.

Lakini wingi wa nyaya haujamaliza udhaifu. Mnamo Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na watumiaji wa intaneti nchini Kenya na mataifa jirani wakahisi makali yake. Miezi michache kabla ya hapo, nyaya kadhaa zilikuwa zimekatika katika Bahari ya Shamu.

Mtu anayetuma barua pepe husubiri nyakati kama hizo zipite. Mwenye mchezo ndani ya kompyuta yake huendelea kuucheza. Aliyeuweka mchezo wake wote katika seva ya ng'ambo hubaki akiitazama skrini tupu.

Hesabu ya mfukoni

Tugeukie sasa bei, kwa sababu hapo ndipo watetezi wa huduma hizi wana hoja yenye nguvu zaidi, nayo inastahili kusikizwa.

Nvidia ilipozindua kadi ya michoro ya RTX 5080 mwezi Januari 2025, bei yake ilianzia dola 999, yaani takriban Sh129,000 kwa kiwango cha Sh129 kwa dola. Hiyo ni kadi peke yake. Bado hujanunua kompyuta ya kuipachika, skrini wala kibodi. Kampuni iyo hiyo huuza huduma ya utiririshaji iitwayo GeForce Now, na tangu Septemba 2025 imekuwa ikiweka mitambo ya kiwango hicho katika ngazi yake ya juu, ambayo bei yake nchini Marekani ni dola 19.99 kwa mwezi.

Gawanya 999 kwa 19.99 na utapata miezi 50. Mtu anaweza kukodi kwa zaidi ya miaka minne kabla ya kufikia bei ya kadi hiyo pekee. Mwanafunzi au kijana anayeanza kazi hatapuuza hesabu hiyo, na hatuwezi kumlaumu.

Hata hivyo, hesabu hiyo haijakamilika. Kwanza, kodi hiyo haijumuishi michezo yenyewe. Katika GeForce Now, mchezaji hutakiwa awe amenunua michezo mingi kwingineko. Pili, muda una mpaka. Mwaka wa 2024 kampuni hiyo ilitangaza kikomo cha saa 100 kwa mwezi, na anayezidisha hununua saa za ziada. Mwenye kompyuta yake hucheza hadi alfajiri bila kuulizwa na mtu.

Tatu, na muhimu zaidi kwetu, ni data. Kasi ya megabiti 20 kwa sekunde, ambayo inahitajika kwa picha nzuri, hula gigabaiti 9 kwa kila saa. Kasi ya megabiti 10 hula gigabaiti 4.5. Mchezaji wa saa mbili kwa siku kwa picha nzuri atamaliza gigabaiti 540 kwa mwezi.

Chukua mfano wa Red Dead Redemption 2, mmoja wa michezo iliyouzwa Stadia siku ya kwanza. Kuupakua wote kwenye kompyuta kunahitaji nafasi ya gigabaiti 150. Ukiutiririsha kwa gigabaiti 9 kwa saa, utakuwa umetumia data sawa na hiyo kabla hujamaliza saa ya 17. Nao ni mchezo wenye hadithi ndefu, ambayo wengi huimaliza baada ya makumi ya saa. Aliyepakua alilipa data mara moja. Anayetiririsha hulipa upya kila anapoketi kucheza.

Mjini Seoul au London, ambako watu wengi hulipia intaneti ya nyumbani kwa mwezi bila kuhesabu gigabaiti, hoja hii haina uzito. Lakini kwa Mkenya anayenunua vifurushi vya data kwa simu, ndiyo hoja yote. Kila kifurushi hicho kina kodi ndani yake pia: ushuru wa bidhaa kwa huduma za simu na data ulipandishwa hadi asilimia 20 mwaka wa 2021, kisha Sheria ya Fedha ya 2023 ikaupunguza hadi asilimia 15.

Kinaya ni kwamba huduma iliyobuniwa kwa ajili ya mwenye kifaa dhaifu inamhitaji mtu mwenye intaneti imara. Mara nyingi, penye vifaa dhaifu ndipo penye intaneti dhaifu.

Nani ameshika ufunguo?

Umbali unaweza kupunguzwa na bei ya data inaweza kushuka. Tatizo la tatu halitatuliwi na maendeleo ya kiufundi, kwa sababu linahusu umiliki.

OnLive ilifungua huduma yake kwa Wamarekani mwezi Juni 2010, na kufikia Desemba 2011 ilikuwa imewafikia wenye tabuleti na simu za Android. Ilikuwa kazi ya kustaajabisha kwa wakati wake. Lakini kulipia maelfu ya seva zinazosubiri wachezaji ambao hawajaja ni gharama isiyohimilika. Agosti 2012, wafanyakazi wote waliachishwa kazi ghafla na mali yote ikahamishiwa kampuni mpya, kwa dola milioni 4.8 pekee. Mwaka uliotangulia, HTC ya Taiwan ilikuwa imewekeza dola milioni 40 humo.

Aprili 2015, Sony ilinunua hataza zake na huduma ikafungwa mwisho wa mwezi huo. Waliokuwa wamelipia haki ya kucheza michezo fulani humo hawakubaki na diski, faili wala chochote cha kushika mkononi.

Stadia ilikufa kifo cha heshima zaidi. Septemba 29, 2022, Google ilitangaza kwamba ingeifunga, na Januari 18, 2023, taa zikazimwa. Kwa haki ni lazima tuseme kwamba kampuni hiyo iliwarejeshea wateja fedha walizonunulia michezo na vifaa katika maduka yake. Ilitoa pia njia ya kuziwezesha pedi za kuchezea kutumika kwingineko.

Lakini si kila hasara hurejeshwa kwa fedha. Mchezaji mmoja aliyekuwa ametumia karibu saa 6,000 katika Red Dead Redemption 2 kwenye Stadia alijitokeza hadharani kuiomba kampuni iliyoutengeneza mchezo huo imsaidie kumhamisha mhusika wake. Faili zake hazikuwa nyumbani kwake. Zilikuwa kwa Google.

Nguo ya kuazima, walinena wazee, haisitiri maungo. Google ni tajiri na iliweza kurejesha fedha. Je, kampuni isiyo na utajiri huo itakapofunga milango itafanya vivyo hivyo? Kisa cha OnLive kimekwisha kutujibu.

Isitoshe, si lazima huduma ifungwe ndipo mteja apoteze. GeForce Now ilipoacha majaribio na kufunguliwa rasmi Februari 2020, kampuni ya Activision Blizzard iliiondoa michezo yake humo katika muda wa siku chache, na Bethesda ikafuata kwa sehemu kubwa ya michezo yake. Waliokuwa wameinunua michezo hiyo kihalali walizuiwa kuichezea katika kompyuta ya kukodi, ingawa ruhusa ya kuichezea katika kompyuta yao wenyewe ilibaki palepale.

Mlango mwingine unalindwa na mtengenezaji wa kifaa. Agosti 2020, Apple ilikataa kuziruhusu programu za Microsoft na Google za utiririshaji katika duka lake, ikidai kwamba ilihitaji kukagua kila mchezo mmoja mmoja. Kwa muda mrefu wenye iPad walilazimika kupitia kivinjari. Apple ilikuja kulegeza kanuni hizo Januari 2024, chini ya shinikizo la wadhibiti.

Kwa hiyo, anayecheza kwa tabuleti hutegemea hiari ya watu wanne kwa wakati mmoja: mwenye seva, mwenye mchezo, mwenye duka la programu na mwenye mtandao. Yeyote kati yao akibadili nia, mchezo umekwisha.

Mataifa yameanza kuamka

Kuna wanaodhani kwamba haya ni mambo ya watoto yasiyofaa kuwashughulisha watu wazima. Serikali za mataifa yaliyostawi zimeona vingine.

Microsoft ilipotaka kuinunua Activision Blizzard kwa dola bilioni 68.7, kikwazo kikubwa nchini Uingereza hakikuwa mashine za Xbox wala PlayStation. Kilikuwa utiririshaji. Aprili 26, 2023, mamlaka ya ushindani ya nchi hiyo iliupiga marufuku ununuzi huo, ikikadiria kwamba Microsoft tayari ilishikilia kati ya asilimia 60 na 70 ya huduma hizo ulimwenguni.

Mpango huo uliidhinishwa Oktoba 13 mwaka huo, lakini baada ya Microsoft kukubali kwamba haki za kutiririsha michezo ya Activision nje ya eneo la kiuchumi la Ulaya ziuziwe Ubisoft ya Ufaransa. Waingereza walitambua jambo moja: soko lililo changa ndilo rahisi kulinda. Likishakomaa mikononi mwa mmoja, halikomboleki.

Jimbo la California nalo lilipitisha sheria mwaka wa 2024 inayowataka wauzaji wa bidhaa za kidijitali wamweleze mnunuzi waziwazi iwapo anapata leseni tu badala ya umiliki. Barani Ulaya, ombi la wananchi la kutaka michezo iliyouzwa isizimwe ovyo lilipita saini milioni moja mwezi Julai 2025. Kilichochochea harakati hizo ni hatua ya Ubisoft kuzima seva za mchezo wa The Crew mnamo 2024, na waliounununua wakaachwa mikono mitupu.

Kenya ina Sheria ya Kulinda Watumiaji wa Bidhaa ya mwaka 2012 na mamlaka ya ushindani iliyo hai. Swali ambalo taasisi hizo zinafaa kujiuliza mapema ni hili: Mkenya akilipia mchezo, filamu au kitabu kilicho katika seva ya kigeni, kisha seva ikazimwa, atamlilia nani?

Je, tufanye nini?

Kuna njia ya kufaidi teknolojia hii bila kubeba mzigo wake wote, nayo haizungumziwi sana kwa sababu hakuna kampuni kubwa inayoingiza ada ya kila mwezi kutokana nayo. Ni kutiririsha kutoka kompyuta iliyo nyumbani mwako hadi tabuleti iliyo chumba cha pili.

Kampuni ya Valve ilianzisha huduma ya namna hiyo mwaka wa 2014, na programu yake ya Steam Link hupatikana bila malipo kwa simu na tabuleti. Sony ina Remote Play kwa wenye PlayStation. Wanaopenda programu huria wana Sunshine kwa upande wa kompyuta na Moonlight kwa upande wa tabuleti.

Katika mpango huu, picha husafiri mita chache kupitia kisambaza intaneti cha nyumbani. Hazigusi nyaya za baharini na hazili hata senti ya kifurushi cha data, na mchezo unabaki katika diski ya mwenyewe. Bora zaidi, kompyuta iunganishwe kwa waya badala ya Wi-Fi, na tabuleti itumie masafa ya gigahatsi 5 ambayo hayana msongamano mkubwa.

Upungufu wake ni kwamba lazima kuwe na kompyuta moja yenye nguvu, na kwa kawaida kompyuta hiyo humhudumia mchezaji mmoja kwa wakati mmoja. Haimsaidii asiye na kitu kabisa. Lakini kwa familia iliyo na kompyuta moja nzuri na tabuleti mbili, au kwa mwenye kibanda cha michezo mtaani anayetaka kuitumia mashine yake sebuleni usiku, faida yake ni ya kweli.

Kwa upande wa taifa, suluhisho la kudumu ni kuileta fimbo karibu na nyoka. Seva ikiwa Nairobi, milisekunde 85 zinageuka kuwa mbili au tatu. Mwezi Mei 2024, Microsoft na G42 ya Milki za Kiarabu zilitangaza mpango wa dola bilioni moja nchini, ukijumuisha kituo cha data huko Olkaria kitakachotumia umeme wa mvuke wa ardhini.

Tusijidanganye kwamba vituo vya aina hiyo hujengwa kwa ajili ya michezo. Kadi zizo hizo za michoro sasa zinang'ang'aniwa na kampuni za akili bandia, ambazo hulipa zaidi kuliko mchezaji yeyote. Serikali inapojadiliana na wawekezaji wa vituo hivi, iulize iwapo wabunifu na wachezaji wa humu nchini watatengewa sehemu, na kwa bei gani. Usipouliza wakati wa kutia saini, hutapata baadaye.

Naye mchezaji, kabla ya kutoa kadi yake ya benki au nambari yake ya M-Pesa, ajiulize maswali manne. Seva iko wapi? Saa moja italamba data kiasi gani? Michezo ninayolipia nitaweza kuichezea kwingineko? Na huduma hii ikifungwa kesho, nitabaki na nini mkononi?

Asipopata majibu ya kuridhisha, afadhali ajaribu kwa mwezi mmoja, au atumie ngazi ya bure pale ilipo, wala asinunue humo mchezo wowote ambao hawezi kuuhamisha. Michezo mingi iliyoundwa mahususi kwa simu huchezeka vizuri ndani ya kifaa chenyewe, na haihitaji seva ya kuichora picha kutoka ng'ambo.

Teknolojia ya utiririshaji si ulaghai. Imethibitisha mara nyingi kwamba inaweza kuuweka mchezo mzito kabisa ndani ya kifaa kinachotoshea mfukoni. Lakini anayesema kwamba imeondoa gharama amesema nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni kwamba gharama hiyo imegawanywa upya, na sisi tulio mbali na seva tumepewa fungu kubwa kuliko wengine. Kazi iliyo mbele ya wadhibiti wetu, kampuni zetu za intaneti na wachezaji wenyewe ni kulikataa fungu hilo kabla halijawa mazoea.